Uliyefunga Breki, Panda

Nianze na habari ya grisi, maana nikianza na nyingine yoyote kuna watu kwenye karakana yetu watakohoa.

Niliwahi kupaka grisi kwenye breki za gari. Haikumwagika kwa bahati mbaya. Niliichota kwa kidole, nikaieneza taratibu kama mama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha, nikafuta iliyozidi, nikasimama kando nikajisifu. Ilikuwa miaka ya hamsini, pale Iringa, wiki yangu ya kwanza gereji. Mkulima mmoja wa tumbaku alileta gari lake akilalamika kwamba breki za nyuma zinalia mpaka mbwa wa mjini wanamfuata. Sasa nyumbani kwetu kila kilicholia kilipakwa mafuta: bawaba za mlango, cherehani ya mama, gurudumu la mkokoteni. Sikuona kwa nini breki zibaguliwe.

Kelele ilikoma kabisa. Mzee Ambwene, aliyekuwa ananifundisha kazi, akaingia garini ili alitoe bandani. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko mdogo. Gari likarudi nyuma vizuri, likapita mahali alipokusudia kusimama, likapita na pipa la maji, likaenda kupumzika kwenye rundo la matairi mabovu. Mzee hakunipigia kelele. Alishuka, akafungua gurudumu, akapitisha kidole ndani, akakinusa. Kisha akanitazama kwa muda, kama mtu anayetazama daraja lililobebwa na maji.

Ninyi wadogo zangu wa karakana mnajua, lakini huenda haya yakasomwa na wake zenu, kwa hiyo nieleze. Gari za wakati ule zilikuwa na viatu vya breki, vyuma viwili vilivyopinda vinavyokaa ndani ya dramu ya gurudumu. Juu ya kila kiatu kuna bitana, tabaka gumu lililobanwa kwa ribiti, vile vijipini vya chuma vinavyopigwa nyundo. Ukikanyaga pedali viatu vinatanuka, bitana inasugua dramu, gari linasimama. Kazi ya bitana hapa duniani ni hiyo moja tu, kusugua. Na mimi nilikuwa nimeipaka grisi ili isisugue.

Zile zilizokunywa mafuta zilitupwa. Mzee akanipa nyingine, akakaa juu ya kopo akinitazama nikizifunga. Nilipomaliza akafungua mlango wa mbele upande wa abiria.

"Uliyefunga, panda," akasema.

Nilidhani ni adhabu. Kumbe ilikuwa ndiyo sheria ya gereji nzima. Fundi aliyefunga breki ndiye anayekaa kiti cha mbele gari likishuka mteremko kwa mara ya kwanza. Mzee alijifunza magari jeshini wakati wa vita, na hakuwahi kusema kama sheria aliitoa huko au aliibuni mwenyewe kwa ajili ya watu kama mimi. Anayeijua Iringa anajua mji umekaa juu, na barabara ya Ipogolo inateremka kama imechelewa mahali. Tulishuka. Chini, kwenye daraja, nikaomba kukaa kidogo juu ya jiwe kabla ya kupanda tena garini.

Lazima niwaambie pia kwamba mimi si mtu wa safari. Nilisoma mpaka darasa la kumi, na baba alitaka niwe karani. Nikapeleleza, nikaambiwa karani anaweza kuamka asubuhi akakuta amehamishiwa Lindi. Fundi gereji, nikawaza, anakaa palepale na magari yanamfuata mwenyewe. Ndivyo nilivyochagua kazi. Wengine hapa walivutwa na injini, mimi nilivutwa na kiti changu cha miguu mitatu.

Mengi niliyowafundisha niliyatoa kwa yule mzee. Kulegeza nati za gurudumu kabla ya kupandisha jeki, gari likiwa bado limesimama chini. Kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu ukifungua breki za nyuma na breki ya mkono inakuwa imekwenda likizo. Kufunga silinda ya gurudumu, ile inayosukuma viatu, kwa waya mara tu viatu vinapotoka ili isifyatuke, hasa ukifanyia kazi nyumbani, kwa kuwa nyumbani lazima atokee mgeni wa kuingia garini kujaribu pedali. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bitana mpya. Hilo la mwisho alikuwa akilisema huku ananitazama mimi tu, hata kama tuko wengi.

Na zaidi ya yote, usifungue pande zote mbili kwa pamoja. Fungua kulia, acha kushoto. Ukisahau springi ipi ilivutwa na ndoano ipi, nenda upande wa pili ukachungulie. Nimeona mafundi wazima, wenye ndevu, wamekaa katikati ya springi zilizotapakaa kama mtu aliyemwaga dagaa, hawajui ya juu wala ya chini.

Miaka michache baadaye Mzee Ambwene akaamua kwenda kufungua gereji yake Mbeya, akaniambia nimfuate. Nilitaka kukataa. Lakini tajiri wetu wa Iringa alikuwa na mpango wa kutuma mafundi kuokoa malori yaliyokwama porini, Idodi na kuendelea mbele, kulala hukohuko na simba. Nikapiga hesabu: safari moja ya Mbeya ni fupi kuliko safari za Idodi zisizokwisha. Tulipofika Nyololo nikaomba lori lisimame, nikashuka, nikatapika, nikaitazama barabara ya kurudi Iringa kwa mapenzi. Mzee akanywa chai yake bila haraka. Akasema kama nitarudi kwa miguu nimsalimie mke wake.

Gereji yenyewe haikuwa mjini. Ilikuwa juu mlimani, kwenye barabara ya Chunya, pale ambapo malori yanayopanda kutoka Mbeya hufika yakichemka kama birika. Banda la mabati, nyumba mbili za matofali mabichi, ukungu, na mashamba ya viazi ya Wasafwa. Nilipapenda siku ileile. Baridi kali, hakuna pa kwenda, hakuna anayekuuliza kwa nini huendi. Jirani yetu alikuwa Mama Nzowa, mjane aliyelima viazi hadi ukutani kwetu, mwanamke wa maneno machache ambayo yote yalikuwa ya kukukata.

Huko ndiko nilikooa. Tusajigwe alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Ambwene, Mnyakyusa wa Tukuyu, na tulielewana vizuri isipokuwa juu ya ndizi, ambazo yeye aliziita chakula. Alikuja na heshima za kwao zote, hakuacha hata moja njiani. Kubwa ilikuwa ya mkwe. Kwao mwanamke hamtazami baba mkwe, hapiti mbele yake, hakai naye chumba kimoja. Akikutana naye njiani anajifunika nguo na kuingia porini. Mimi Mhehe, na kwetu mkwe anaheshimiwa pia, lakini si kwa kukimbiwa. Nikasema moyoni kwamba haidhuru, baba yuko Iringa.

Baba akaja. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu mrefu, mkimya, na alikuja na gunia la unga kwa sababu alisikia mkwewe ni mjamzito. Kuanzia siku hiyo Tusajigwe akawa anakwenda kisimani kwa kuzunguka nyuma ya nyumba, katikati ya viazi vya Mama Nzowa, na tumbo lile. Baba naye, alipogundua, akawa anakohoa kwa nguvu kabla ya kupinda kona yoyote. Nyumba yetu ilikuwa kama njia panda yenye honi.

Kwa desturi mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mwanamke, na Tusajigwe alikuwa aende Tukuyu kwa mama yake juma lililofuata. Wakati huo Mzee Ambwene alikuwa Chunya anatengeneza lori. Gari lake dogo jeusi aliliacha kwangu uwanjani. Bitana za nyuma zilikuwa zimeisha mpaka ribiti zinakwaruza dramu, na bitana mpya nilikuwa nazo ndani, zimefungwa kwenye gazeti. Aliniambia akirudi alikute tayari.

Siku ya kwanza mvua ilinyesha. Siku ya pili haikunyesha lakini ilionekana inafikiria. Baada ya hapo nikawa najisikia vibaya kidogo. Nilichofanya ni kupandisha gari juu ya magogo nyuma na kutoa gurudumu moja, ili mpita njia aone kazi imeanza.

Basi asubuhi moja ya ukungu Tusajigwe akashikwa na uchungu. Nikamwita Mama Nzowa. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Mtoto amelala kikingamo," akasema. "Mimi huyu simgusi. Mpelekeni hospitali chini, na mpeleke sasa hivi."

Machela ingechukua nusu ya siku kwenye ule utelezi. Malori ya Chunya yalikuwa yamekwama kwenye tope upande wa pili wa mlima. Gari lilikuwa moja tu kule juu, nalo lilikuwa limesimama juu ya magogo kwa sababu yangu.

Sijawahi kufanya kazi vile, kabla wala baadaye. Bitana za zamani nilizing'oa kwa tindo, nikapiga ribiti mpya kuanzia katikati kwenda pembeni ili zisivimbe, kila kichwa kikizama chini ya uso wa bitana. Dramu nikaisugua kwa msasa pale ribiti zilipoichora. Kutoka dirishani nilikuwa namsikia mke wangu akivuta pumzi kwa meno. Mkono wangu ulikuwa unaniambia fungua pande zote mbili, utaokoa muda, na mara moja nikajikuta nimeshika spana ya upande wa pili. Nikaiweka chini. Nilifunga kulia kwanza, nikamaliza, ndipo nikaenda kushoto. Springi moja iliniponyoka ikaruka ndani ya viazi, Mama Nzowa akaikanyaga, akaiokota, akanirushia.

Baba alikuwa amesimama ameupa mlango mgongo, nati za magurudumu zimo ndani ya kofia yake. Muda wote aliniuliza swali moja.

"Umepaka grisi?"

Kumbe habari ile ilikuwa imefika nyumbani zamani, kabla yangu. Nikamwambia sijapaka. Akaitikia kwa kichwa, kama karani anayepokea maelezo ya mtuhumiwa.

Nikarekebisha viatu mpaka gurudumu linazunguka huku bitana inanong'ona tu kwenye dramu. Nikakanyaga pedali mara kadhaa, nikavuta breki ya mkono, nikashusha gari. Tayari. Ndipo likaja suala la nani ataendesha. Mimi gari naliendesha uwanjani, kutoka bandani mpaka kwenye pipa. Mlima ule, kwa ule utelezi, ulimtaka baba.

Tusajigwe akakataa. Alikataa kupitia ukuta, kwa sauti ndogo, na Mama Nzowa akatuletea maneno nje. Hawezi kukaa kwenye kibanda kimoja cha bati na baba mkwe, tena katika hali ile. Afadhali azalie hapohapo.

Baba akajibu bila kugeuka. "Mwambieni leo mimi si mkwe. Leo mimi ni dereva."

Jibu likarudi kupitia dirishani, moja kwa moja, kati ya uchungu mmoja na mwingine. "Dereva naye ana macho."

Nilikuwa na hasira, nilikuwa na hofu, na nilikuwa tayari kumbeba kwa nguvu. Mama Nzowa hakunipa nafasi. Aliingia ndani, akavua shuka letu la kitandani, akalifunga ndani ya gari kutoka mlango hadi mlango, nyuma ya viti vya mbele, kwa kamba ya kufungia viazi. Baba akanyoosha mkono, akakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikatazama paa. Kisha akaenda kusimama nyuma ya banda mpaka mke wangu alipoingizwa kiti cha nyuma. Shuka lilikuwa fupi. Chini liliacha uwazi, na kati ya viti viwili vya mbele miguu ya watu wa mbele na wa nyuma ingeonekana. Nikamwonyesha Mama Nzowa. Akasema miguu si uso, akaingia akakaa nyuma na mgonjwa, akafunga mlango.

Nikabaki nje nimeshika kitasa. Mzee Ambwene alikuwa Chunya, hakuna ambaye angejua. Lakini nilimsikia kama yuko palepale. Nikapanda mbele.

Ule mlima mnaujua. Upande mmoja ukuta, upande wa pili hewa. Ukungu ulikuwa umeziba bonde, kwa hiyo hatukuona tungeangukia wapi, jambo nililoliona ni la huruma. Baada ya kona ya kwanza nilifumba macho, nikawa nasikiliza. Fundi wa breki husikiliza. Nilingoja mkwaruzo, nilingoja mlio, nilingoja kusikia kosa langu popote lilipo. Injini ilikuwa inaguna njia nzima, nikajiambia ni baridi. Lakini breki, ndugu zangu, hazikutoa hata sauti. Nyuma ya shuka Tusajigwe alikuwa anaita mama yake, Mama Nzowa anamjibu kama ndiye, na mimi katikati ya hofu yote ile nikaona kifua changu kinapanda. Breki zangu zilikuwa zimenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu.

Tulifika. Baba aliposimamisha gari getini alishuka akaenda mbali, akasimama ameutazama uzio, mpaka mkwewe alipoingizwa ndani. Daktari alimpasua. Kabla ya jioni Mama Nzowa akatoka na mtoto wa kike, amemvingirisha kwenye lile shuka. Mama mtu, akatuambia, yuko hai na ameshaanza kuulizia ndizi. Alimpeleka mtoto kwa baba, kule uzioni. Baba akamshika, akamsalimu "kamwene" kwa Kihehe, kama mtu mzima mwenzake, akamrudisha haraka kwa kuogopa kumdondosha. Sijui kama niliwahi kumwona akiogopa kitu kingine.

Nilingoja anisifie kazi. Hakusema kitu, siku ile wala baadaye, mpaka Mungu alipomchukua. Kwa baba ukimya ulikuwa sifa, hivyo ndivyo nilivyoupokea. Mzee Ambwene aliporudi alifungua dramu kukagua, akamulika ndani kwa tochi, akasema bitana zinaonekana kana kwamba hazijaguswa. Nikamshukuru. Nilidhani anasifia upigaji wangu wa ribiti.

Miaka iliyofuata nimeimaliza kwenye karakana zenu za mabasi hapa mjini. Kulikuwa na mambo ya vyeo, na wenye vyeo watayaandika. Mimi nilibaki na breki, na kila fundi mpya aliyepita mikononi mwangu nilimsimulia mlima ule. Wengine mmeusikia mpaka mnausimulia ninyi kuliko mimi. Nilikuwa namalizia hivi: uliyefunga, panda, maana siku moja atakayekaa nyuma ni wako. Hilo silifuti. Nililisema kwa dhati na nalisema tena.

Ila nimekuja kupata nyongeza. Siku mliyonifanyia chai ya kuniaga, nyumbani kwangu hapa Mbeya, mtaa wa Soweto, mlimwona bibi mmoja mfupi amekaa karibu na mlango na kikombe chake. Huyo ndiye Mama Nzowa. Alihamia kwa mwanawe, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa hiyo tumekuwa majirani tena. Binti yangu, yuleyule wa kwenye shuka, alikuwa akimmiminia chai. Mkaniomba nisimulie. Nikasimulia yote, polepole, nikafika pale breki ziliponyamaza mlima mzima, nikatulia kidogo kama kawaida yangu ili mshangae.

Mama Nzowa akaweka kikombe chini.

"Mimi nyuma ya lile shuka nilikuwa naona miguu tu," akasema. "Baba yako alishuka mlima wote kwa gia ya kwanza, breki zako hakuzigusa mpaka getini hospitali, na pale getini alizikanyaga kwa miguu yote miwili."